Unajipima na Kurudia kwa Vipindi, Lakini Bado Unasahau: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne wa mwezi Novemba, au anayekabili mitihani ya mwisho wa muhula pale Chuo Kikuu cha Dodoma, huenda amekwisha kushauriwa mambo mawili: ajiulize maswali badala ya kulisoma daftari tena na tena, na ayarudie maswali hayo kwa siku zilizoachana badala ya kuyamaliza kwa usiku mmoja. Ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo wengi huujaribu kwa wiki mbili au tatu, hawaoni mabadiliko, kisha hurudi kwenye kusoma kwa sauti na kupigia mistari, wakiamini kwamba kichwa chao ndicho kizito. Mimi siamini hivyo. Njia hii inaposhindwa, karibu kila mara ni kwa sababu akili ilipewa jibu kabla haijalitafuta, au ilitakiwa kulitafuta kwa wakati usiofaa, na makosa hayo mawili huacha dalili zinazoweza kutambuliwa na kurekebishwa.

Kabla ya kubadilisha chochote, fanya kipimo kimoja. Chagua mada uliyoisoma takribani wiki moja iliyopita na ambayo hujaigusa tangu siku hiyo, funga daftari, weka simu mbali, na kwa dakika kumi andika kwenye karatasi tupu kila unachokikumbuka. Usichungulie hata ukikwama, kwa sababu mahali unapokwama ndipo tunapotaka kupaona. Ukimaliza, fungua daftari usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Karatasi ikiwa karibu tupu, soma kwa makini dalili mbili za kwanza hapa chini. Ikiwa imejaa vipande vya kweli visivyoungana, au maneno uliyoyanakili usiyoweza kuyaeleza, tatizo lako liko kwenye maswali unayojiuliza, na dalili ya tatu na ya nne zinakuhusu zaidi.

Ukisoma unaelewa kila kitu, ukiulizwa huna la kusema

Chanzo chake ni kwamba umejizoeza kutambua, wakati mtihani unakutaka ukumbuke. Ukurasa uliousoma mara tatu hukupa raha: macho yanateleza, kila sentensi inaonekana ya zamani, nawe unahisi kwamba umekwisha kuijua. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa uwazi. Kundi moja la wanafunzi lilipewa vipindi vinne vya kusoma kifungu cha habari. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma na vitatu vya kujaribu kukiandika kifungu hicho bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma tu walikumbuka asilimia 83 na waliojipima asilimia 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tu walibaki na asilimia 40, na waliojipima walikuwa na asilimia 61.

Tafadhali yaangalie matokeo ya dakika tano kwa uangalifu, maana ndiyo yanayowadanganya wanafunzi wengi. Mtu anayezilinganisha njia hizi mbili kwa usiku mmoja ataona kusoma tena kunashinda, na hatakuwa amekosea kwa usiku ule. Faida ya kujipima huonekana siku zinapopita.

Anayetumia kadi, yaani vipande vya karatasi vyenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, naye anaweza kuwa na ugonjwa huu bila kujua, kwa sababu huligeuza swali upesi, huliona jibu, husema moyoni kwamba alikuwa analijua, kisha huipitisha kadi. Marekebisho ni kuandika au kutamka jibu zima kabla ya kugeuza. Bwenini, ambako wenzako wamelala au wanasoma, kuandika kwenye karatasi chakavu kunafaa zaidi kuliko kutamka. Jibu la nusu lihesabiwe kuwa ni kosa. Ukikwama, vumilia kama nusu dakika, ndipo utazame; kisha funga tena na ulitoe jibu hilo kwa maneno yako. Kutazama baada ya kujaribu ni lazima, kwa sababu jibu la makosa lisilosahihishwa linaweza kukaa kichwani kwa miezi.

Kuna uchungu katika kazi hii, na ni haki kumwambia mwanafunzi mapema. Kujipima huchosha kuliko kusoma, na humwonyesha mtu upungufu wake kila dakika. Mtaalamu wa saikolojia Robert Bjork amefundisha kwa miaka mingi kwamba upo ugumu unaomfaa anayejifunza, na kukumbuka kwa taabu ni mmojawapo. Mwanafunzi akilielewa hilo, haiachi njia siku ya tatu kwa sababu tu ameona ni ngumu.

Jioni unajibu yote, baada ya siku chache yamepotea

Hapa kujipima kunafanyika, lakini kunafanyika kwa mkupuo. Maswali kumi yanarudiwa mara tano katika saa moja, yanajibiwa vizuri, kisha yanafungiwa kabatini. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1885 baada ya kujifunza mwenyewe orodha za silabi zisizo na maana, alionyesha jinsi usahaulifu unavyokimbia mwanzoni na kupunguza mwendo baadaye. Alipojifunza upya orodha baada ya siku moja, alikuwa ameokoa takribani theluthi moja tu ya muda wa awali, na baada ya mwezi takribani sehemu moja ya tano. Kwa hiyo marudio ya kwanza yanatakiwa mapema, na yanayofuata yanaweza kuachana zaidi na zaidi.

Kosa la pili linalofanana na hilo ni kuitoa kadi kwenye mzunguko mara tu unapoijibu sawasawa. Karpicke na Roediger walilichunguza mwaka 2008, na inafurahisha kwamba walichagua jozi 40 za maneno ya Kiswahili na Kiingereza kwa wanafunzi wa Marekani wasioijua lugha yetu. Neno lililokwisha kukumbukwa mara moja liliendelea kuulizwa kwa baadhi ya makundi, na kwa makundi mengine liliachwa kuulizwa. Baada ya wiki moja, walioendelea kuulizwa walikumbuka takribani asilimia 80; walioacha kuulizwa walikumbuka kama theluthi moja, hata wale walioendelea kuyasoma maneno yote. Kujibu sawasawa mara moja, basi, kusihesabiwe kuwa ni kumaliza.

Siku ziachane kiasi gani? Inategemea mtihani uko umbali gani. Nicholas Cepeda na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2008 uliohusisha zaidi ya watu 1,300, walipima nafasi mbalimbali kati ya kujifunza na kurudia. Kwa mtihani uliofanyika siku 7 baada ya marudio, nafasi iliyofaa zaidi ilikuwa siku 1. Kwa mtihani wa baada ya siku 35 ilikuwa siku 11. Na kwa siku 70 ilikuwa siku 21. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuitumia hekima hiyo bila hesabu ngumu: mada iliyofundishwa leo ajipime leo jioni, kesho yake, siku ya nne, siku ya kumi na moja, na tena baada ya mwezi. Ratiba hii si sheria, na siku ikisogea kwa moja au mbili hakuna hasara kubwa. Swali lililoshindikana lirudi mwanzo wa mzunguko.

Asiye na simu, au anayesoma shule ya bweni ambako simu haziruhusiwi, hakosi kitu cha maana. Karatasi moja ya manila kutoka steshenari yoyote, ikikatwa vizuri, hutoa kadi nyingi za ukubwa wa kiganja, na boksi tupu za chaki huzihifadhi. Mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliueneza mfumo wa masanduku huko Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1970: kadi iliyojibiwa sawasawa husogea kwenye sanduku linalofunguliwa baada ya siku nyingi zaidi, na iliyoshindikana hurudi kwenye sanduku la kila siku. Boksi nne au tano zinatosha. Kwa wenye simu ya Android, programu ya kadi iitwayo AnkiDroid, ambayo ni Anki ya simu hizo, ni ya bure, haihitaji bando ukishaipakua, na hupanga tarehe yenyewe. Lakini ubora wa maswali unabaki kuwa mzigo wako.

Kadi ileile inakushinda kila mara

Katika programu ya Anki, kadi ikikosewa mara nane baada ya kuwa imekwisha kujifunzwa, programu huiwekea alama, na kulingana na mpangilio wako inaweza pia kuisimamisha. Mantiki yake ni njema: kadi inayoshindikana kiasi hicho haihitaji marudio zaidi, inahitaji kuandikwa upya. Mara nyingi imebeba mambo mengi mno. Tuchukue mfano wa Kongwa, mkoani Dodoma, ambako serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Mwanafunzi wa historia huandika upande mmoja, «Eleza mradi wa karanga wa Kongwa», na upande wa pili hujaza mistari kumi na miwili. Akikumbuka sita, je, amejibu au hajajibu? Yeye mwenyewe hajui, na siku inayofuata atakumbuka mingine sita.

Igawanye. Kadi moja iulize kwa nini mvua za Kongwa zilikuwa tatizo kwa kilimo cha karanga cha kiwango kile. Nyingine iulize udongo wa mfinyanzi uliathiri vipi kazi wakati wa kiangazi, na jibu liwe kwamba ulikauka ukawa mgumu mno. Nyingine iulize matrekta yalikutana na nini katika kufyeka vichaka. Ya mwisho iulize ni uchunguzi gani ulipaswa kufanyika kabla ya kuanza. Kila moja ina jibu la sentensi moja au mbili, na kila moja inaweza kusahihishwa bila kujionea huruma. Baada ya hapo, swali pana la insha lijibiwe mara moja kwa wiki kwenye karatasi tupu, ili vipande vile viungane kuwa hoja.

Chanzo kingine cha kadi sugu ni lugha, na hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu naona kinawaumiza vijana wengi kuliko uvivu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili katika Bahi, Chemba au Mpwapwa huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Huandika kwenye kadi fasili aliyoinakili ubaoni, maneno ishirini ya Kiingereza ambayo matatu hayaelewi, kisha hujipima kwa bidii kwa mwezi mzima. Anachojaribu kukikumbuka ni mfuatano wa sauti, na mfuatano wa sauti ndicho kitu Ebbinghaus alichokitumia makusudi kwa kuwa hakina maana ya kushikilia.

Marekebisho yana hatua mbili. Kwanza mwanafunzi aeleze wazo kwa Kiswahili, kwa mdomo, kama anayemfundisha mdogo wake wa darasa la tano. Akishindwa, kadi iwekwe kando hadi amuulize mwalimu au mwenzake. Kisha aandike fasili fupi ya Kiingereza anayoweza kuitetea neno kwa neno, na kujipima kwake kuishie katika Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya karatasi ya mtihani. Kuiruka hatua ya kwanza kunazaa ukariri. Kuiruka ya pili kunamfanya ajue jambo na ashindwe kuliandika.

Kadi zote unazijibu, lakini swali likigeuzwa unashindwa

Walimu wanaohofia kwamba kadi zitawafanya wanafunzi wakariri wana sababu, ikiwa maswali yote ni ya «taja» na «nini maana ya». Akili huizoea hata sura ya kadi, kona yake iliyokunjika, wino wake wa bluu, na hujibu kwa sababu ya alama hizo. Zichanganye kadi kila siku, na swali moja liandike kwa njia zaidi ya moja.

Jiografia ya hapa hapa inatoa mazoezi mazuri. «Dodoma hupata mvua kiasi gani kwa mwaka?» ni swali lenye jibu la tarakimu: kwa wastani chini ya milimita 600. Ukiishia hapo umekariri tarakimu. Jiulize pia ni kwa nini mvua hiyo huja katika msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Milima ya upande wa mashariki inaathiri vipi unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Kwa nini mtama na uwele hustahimili hapa kuliko mahindi. Na mkulima wa zabibu anawezaje kuvuna mara mbili kwa mwaka katika nchi kame namna hii. Mtu anayeweza kuyajibu hayo atalijibu swali la mtihani hata likiletwa na ramani ya nchi nyingine, kwa kuwa anachokikumbuka ni sababu, na sababu husafiri kutoka swali hadi swali.

Mitihani iliyopita ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ni hazina kwa kazi hii, mradi usisome majibu kabla ya kujaribu.

Marudio yamerundikana hadi unaogopa kufungua boksi

Hesabu ni rahisi. Kwa ratiba niliyoitaja, kila kadi huulizwa mara tano katika mwezi wake wa kwanza. Anayeongeza kadi mpya 20 kila siku, ambacho ndicho kiwango Anki huja nacho, baada ya mwezi atakuwa na maswali 100 kwa siku, bila kuhesabu yaliyokosewa. Akitumia dakika moja kuandika kila jibu, hiyo ni zaidi ya saa moja na nusu. Akiongeza kadi 8 tu, ni maswali 40. Kwa mwanafunzi wa kutwa anayerudi nyumbani Nkuhungu au Chang'ombe kwa daladala, anayechota maji na kupika kabla ya kushika daftari, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ataendelea au ataacha.

Kama rundo limekwisha kuwa kubwa, kwa mfano baada ya likizo uliyoitumia shambani, usijaribu kulimaliza kwa siku moja. Simamisha kadi mpya kabisa. Weka kikomo cha dakika thelathini au arobaini kwa siku, anza na mada zenye uzito katika mtihani, na zile unazoziona ni za mambo madogo zitupe bila huruma. Kadi uliyoichelewesha kwa wiki mbili kisha ukaikumbuka imekufaidi kuliko ungeiuliza mapema, kwa hiyo ichukulie kuwa imefaulu na uisogeze mbele.

Hisabati na fizikia hazibadiliki

Kadi za kanuni ni msaada mdogo tu hapa. Kinachopaswa kukumbukwa bila kutazama ni namna ya kuanza swali, na hiyo huzoezwa kwa kukokotoa. Wanafunzi wengi hufanya maswali kumi ya aina moja mfululizo, ambapo kuanzia la pili tayari wanajua kanuni ipi inahitajika. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walilinganisha mazoezi ya aina hiyo na mazoezi yaliyochanganywa, kwa maswali ya ujazo wa maumbo. Wakati wa mazoezi wasiochanganya walipata asilimia 89 na waliochanganya asilimia 60; wiki moja baadaye wasiochanganya walipata 20, waliochanganya 63. Kwa hiyo chukua maswali kutoka mada nne tofauti, yachanganye, na kabla ya kukokotoa andika kwanza ni kanuni gani utaitumia na kwa nini.

Diskasheni ni ndefu lakini hakuna kinachobaki

Katika makundi mengi yanayokaa chini ya miti na kwenye kumbi za chuo, mmoja anaeleza na wengine wanatikisa kichwa. Aliyeeleza amejipima, waliobaki wamesikiliza mhadhara wa pili. Rekebisha kwa kanuni moja: swali likisomwa, kila mtu aandike jibu lake kwa dakika mbili kimya, ndipo mazungumzo yaanze, na wa kwanza kusoma awe yule asiye na uhakika. Kundi la watu wanne hufaa kwa utaratibu huu kuliko la watu kumi na wawili.

Mtihani umebaki siku tatu na hujaanza

Kwa muda huu faida kubwa ya kuachanisha siku imekwisha kupita, lakini kujipima bado kunafaa. Acha kutengeneza kadi. Chukua mtihani uliopita, ujibu kwa muda uleule wa mtihani bila daftari, sahihisha, na uandike orodha ya ulipokosea. Orodha hiyo ndiyo uisome, kisha ujipime tena jioni na kesho yake asubuhi, kwa kuwa hata usiku mmoja katikati ni bora kuliko mkupuo. Usikeshe, usingizi unasaidia kuyatuliza uliyojifunza, na mtu aliyekesha hukumbuka polepole hata yale aliyoyajua.

Mada ambazo hazijaguswa kabisa chagua mbili au tatu zinazotokea mara nyingi, na zilizobaki ziache. Mtihani ukiisha, zitazame tena: za kidato cha tatu zitaulizwa kidato cha nne, na za muhula huu mara nyingi ndizo msingi wa kozi ya mwakani. Hizo ziingie kwenye boksi la kila siku wiki ileile, kwa kiwango cha kadi nane au pungufu, wakati muda wa kuachanisha siku bado uko mkononi mwako.